Kigong'ota Aliyeandikwa kwa Jina la Wifi

Kituo cha Kupimia Maji,
S.L.P. 46.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeitupa kabatini kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo imechafuka, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenitia wazimu huu wa ndege tangu nikiwa mdogo, itabidi univumilie.

Nimemwona, Mjomba! Yule kigong'ota mwenye kiraka cha manjano kisogoni, ambaye vitabu vinasema hafiki kwenye jangwa letu. Miaka tisa napita katika ile migunga ya ukingoni kila asubuhi kwenda kusoma kina cha mto, shingo imenipinda kwa kutazama juu. Jumanne moja mwezi uliopita nikamsikia akigonga. Nikamwona, kama hatua arobaini hivi. Nikatoa simu nimpige picha.

Papo hapo wifi yangu akatokea upande wa pili. Unamjua, dada wa mume wangu, yule fundi cherehani ambaye sauti yake haihitaji simu.

"Wifi weee! Umeondoka na funguo za nyumba!"

Ndege akaruka. Picha yangu ina tawi, mkia na kidole changu.

Sikumsemesha siku nne. Lakini muda wa kununa haukuwepo. Idara ya barabara ilikuwa imeshaipaka migunga yote alama nyekundu, ikatwe mwisho wa mwezi huu wa Juni wapate pa kuegesha malori. Ndege adimu akithibitishwa, miti haiguswi. Basi nikaijaza fomu ya kamati ya ndege, kurasa sita nzima. Mwanga ulitoka upande gani? Upepo je? Nani mwingine alishuhudia? Hapo nikameza machungu, nikaandika: wifi.

Katibu wa kamati akaja mwenyewe, na michoro minane ya vigong'ota wanaofanana kama mapacha. Akaanza na mimi. Nikasema mgongo ni wa kijani. Akaguna. Akauliza kifua kikoje. Kifua sikukiona.

Akamgeukia wifi, ambaye hata cherehani hakuisimamisha. Kumbe ndege aliporuka alikwenda kutua kwenye shina lililokuwa mbele ya pua yake!

"Kijani gani? Ni kaki," akasema. "Kaki ya sare iliyofuliwa sana. Kifuani ana vitone vyeusi, vya chini vikubwa kuliko vya juu. Na hicho kiraka cha manjano kimekaa upande, kama kimeshonwa na mwanafunzi."

Akaonyeshwa michoro. Akaweka kidole juu ya mmoja, akaendelea kushona. Katibu akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Kwani nani aliniuliza? Huyu alikuwa amenuna."

Jibu la kamati lilifika Alhamisi. Wamekubali, na miti itabaki. Lakini soma hapa: "Aliyemwona: fundi cherehani. Msaidizi: msoma kina cha mto." Msaidizi, Mjomba! Mimi! Na huyo mwenzangu mpaka leo anamwita ndege huyo "yule kuku wako"! Barua ameitundika ukutani kwake. Ukienda kupunguza suruali, unasomewa kwanza.

Jana wafanyakazi wa barabara walikuja na brashi kuikwangua ile rangi. Nilikwenda na hasira zangu zote, nikamkuta wifi ameshafika, anawafokea.

"Taratibu! Mnaichubua miti!"

Hakungoja wajibu. Alimpokonya mmoja brashi, akaanza mwenyewe, magoti mchangani. Nikasimama pale nikitafuta la kulalamika, nikalikosa. Nikachukua brashi nyingine. Tulipofika shina la mwisho nilimwambia ahsante, kwa sauti ndogo sana. Akaniambia niongeze sauti.

Mama, dada yako, anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Mume wangu naye anakusalimu. Anasema katika jambo hili hana upande. Wasalimie mkazamjomba na binamu zangu wote.

Mungu akulinde huko uliko na akupe usingizi mwema.

Wako akupendaye kwa moyo wote, ingawa leo umejaa nyongo,

Mpwa wako