Nilijua Dawa, Nikanyamaza

Jumatano, Kibiti. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua haishuki, na mimi nimefua shati lake moja mara mbili.

Mume wangu ameondoka leo kwenda kupanda jahazi la mjomba wake. Tuna miezi miwili tu ya ndoa, jamani! Miezi miwili mitamu kama mua wa bondeni. Nyumba nzima inanukia yeye.

Nimekaa naikumbuka safari yetu ya kwanza, wiki moja baada ya harusi. Tulitoka deltani na jahazi hilohilo, siku mbili baharini mpaka Kilwa, nikaonyeshwe kwa shangazi yake. Mjomba alikuwa ameshasema: akimwona mpwa wake anafaa, atamchukua awe baharia. Mume wangu aliitamani kazi hiyo tangu utotoni.

Mimi sikutaka.

Amezaliwa deltani, amekulia kwenye kukata mikoko, nikadhani bahari ataichezea. Kumbe! Tulipotoka tu mdomoni mwa mto, mawimbi yakaanza kutunyanyua, akashika ubavu wa jahazi akatapika mpaka nyongo.

"Mpwa wangu, mikoko imekudekeza!" Mjomba alipiga kelele kutoka kwenye usukani. "Mwone bibi harusi, mtoto wa shamba, anatafuna muhogo!"

"Mjomba, niache nife kwa amani," akajibu mpenzi wangu. Mabaharia wakaangua kicheko.

Sasa naungama. Nilijua anakosea wapi. Kwenye vijito vya delta mtu hukodolea maji ya mbele ya mtumbwi, asije akagonga mizizi. Naye baharini akafanya vilevile, macho chini kwenye maji yanayochemka. Mimi utotoni nilikuwa natapika kwenye lori kila tulipopeleka korosho kutoka Mtawanya, mpaka mama akanifundisha: usitazame chini, tazama mbali, kule kusikotikisika.

Nilijua, nikanyamaza. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilitaka mjomba amkatae, abaki wangu.

Kisha akaniegemea begani, akanong'ona, "Mke wangu, nimekuaibisha."

Anakaribia kuzimia, na bado anawaza aibu yangu! Moyo ukayeyuka. Nikamgeuza uso kuelekea bara, kwenye ule mstari mwembamba wa pwani. "Tazama kule tu. Maji yaache."

Alasiri alikuwa anavuta kamba na wenzake, anaimba. Mjomba akanitazama, akaitikia kwa kichwa, uso umejaa furaha. Nami nikajua nimeshampoteza kwa miezi mingi.

Tangu siku ile ananiita daktari wake. Kila aniitapo hivyo nafurahi, halafu kitu kinanichoma. Hajui kwamba daktari alimwacha ateseke nusu siku nzima.

Leo alipopanda bodaboda alikuwa anacheka kama mtoto wa sikukuu. Siwezi kujutia kicheko kile, ingawa kimeniacha peke yangu.

Akipiga simu, kabla hajaniuliza kama nimekula, nitamwambia ukweli wote.

Je, ataniita daktari tena?