Mapovu ya Mama Suzana

Jumatatu, 29 Juni 1998

Nimerudi Ushirombo kutoka semina ya Shinyanga. Vumbi mpaka masikioni. Mtaalamu wetu, Bi. Ghati, alipindua chupa ndani ya bwawa la samaki, ikakusanya mapovu. Eti ni gesi ya methani: samadi na chakula kilichobaki vinaoza ndani ya tope pasipo hewa, gesi inapanda, na huko juu inaongeza joto la dunia. Tukacheka. Mwenzetu mmoja akasema joto waulizwe wenye viwanda vya Ulaya. Bi. Ghati akakubali kwamba mzigo mkubwa ni wao — lakini, akatuambia, tope hilohilo linamaliza hewa ya samaki wenu.

Nikaacha kucheka. Bwawa la Mama Suzana linatokota kama sufuria ya ugali! Na ni mimi, Bwana Samaki wa tarafa nzima, niliyemwambia miaka minne iliyopita kwamba mapovu ni pumzi ya samaki. Sikusoma popote. Nilibuni tu, nisionekane sijui.

Alhamisi, 2 Julai

Nimekwenda kwake. Shikamoo, marahaba, uji — na kabla sijaumaliza akanivuta bwawani. Kila mgeni lazima aonyeshwe mapovu. Perege wa humo ni wa harusi ya bintiye Suzana, tarehe 18. Kigango kizima kimeshaambiwa: kitoweo kitatoka bwawani. Mjane yule! Bwawa kalichimba kwa jembe lake mwenyewe.

Nikakusanya mapovu kwenye chupa, nikawasha kibiriti mdomoni mwa chupa. Puu! Mwali wa buluu. Akafanya ishara ya msalaba.

"Gashi! Kumbe samaki wangu wanapumua moto?"

Nikajibu kwamba nitachunguza zaidi. Mwoga mimi.

Jumapili, 5 Julai

Nimepita kwake kabla ya misa. Perege wote juu, midomo wazi, wanagombea hewa. Anasema huwa wanamwamkia hivyo kila asubuhi. Roho ikaniuma, nikamweleza yote.

Akauliza taratibu: ni nani, basi, aliyesema ni pumzi?

"Mimi, mama."

Kisha akaniambia. Nilimwagiza debe moja la samadi kwa wiki. Yeye anatia kila siku, kwani kwake samaki ni wageni, na mgeni halishwi nusu tumbo. Na mapovu yakipungua anaongeza, akidhani samaki wanaishiwa nguvu. Miaka minne! Sikuweza kumtazama usoni.

Jumatano, 8 Julai

Kikao nyumbani kwake. Shemeji yake, Mabula, hataki bwawa liguswe mpaka harusi ipite. Nikasema ikija asubuhi moja ya mawingu mazito, samaki wote wanaweza kufa. Tutoe maji, perege wahamie bwawa dogo la parokia, tope liende kwenye kabichi. Baada ya hapo samadi ioze kwanza nje, na itiwe kidogo.

Mabula akauliza kama na hilo nimelibuni. Sawa. Nimeyataka mwenyewe.

Mama Suzana akataka kujua kama gesi hii ndiyo iliyoleta mvua za El Nino, zilizobomoa jiko lake. Nikasema sijui. (Nimelisema neno hilo, sijui! Halijaniua.) Nikaongeza kwamba kwenye joto la dunia, sehemu yake yeye ni tone tu.

"Basi tone langu nilizuie. La wengine watajua wenyewe."

Kaamua: Jumatatu.

Jumatatu, 13 Julai

Tumefungua maji tangu alfajiri. Watu wamejaa ukingoni na ndoo zao. Harufu! Mayai viza. Mapovu yalitoka kwa fujo, sasa yamenyamaza. Maji yametulia, meusi, yamefika magotini, na hakuna mkia uliorushwa bado. Labda wamejificha kwenye tope. Labda.

Mabula anacheka kwa sauti. Mama Suzana kamkataza: huyu kaja kukosoa maneno yake mwenyewe, wangapi wanarudi? Nilitaka kulia.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye tuta, suruali nimekunja. Amenijia na beseni, tupu.

"Tangulia wewe, Bwana Samaki. Wewe ndiye uliyewasikia wakipumua."

Naingia.