Vitunguu vya Muar

Mwanangu Hazwan,

Uliniuliza kama nitabaki kwenye jumba hili la Damansara, au nitahamia Muar kwa mama yako mdogo. Ninahama, na furaha imeninyima usingizi.

Arobaini ya baba yako tuliagiza chakula. Majirani walikula, wakaaga. Juzi Muar palikuwa na hitima. Kabla sijakaa, mama yako mdogo akanipa kisu na kapu la vitunguu.

"Menya, dada. Au mikono imeshakuwa ya kitajiri?"

Wanawake wakacheka, tukamenya. Nikamlilia baba yako mpaka nikatosheka, na hakuna aliyenishangaa, maana sote tulikuwa tunatokwa machozi.

Mchaichai alioupanda baba yako nimeshauhamishia kwenye ndoo. Tutasafiri pamoja.

Mama yako,
Rokiah