Gunia Kwenye Mlango wa Maji

Tarehe 9 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila mafua, na huku asiye na mafua ni mgeni. Mvua hainyamazi. Kutwa nipo juu ya mapaa ya watu nafunga mifereji ya bati ili maji yafukuzwe yaende zake, na huku nakuwaza wewe unavyogombania ndoo moja kwenye foleni ya bomba. Naona aibu, kama ninayechezea chakula mbele ya mwenye njaa.

Nimefurahi kwamba tangi limefika bila ufa. Sasa nisikilize, na usicheke. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Maji yake yamwage, yana vumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata ndiyo yaingie tangini. Tangi likijaa, bomba la juu litamwaga bustanini, na lile tuta ulilozungushia litayashika mpaka ardhi iyanywe. Ila kwenye pembe ya chini, upande wa barabarani, acha mlango wa maji, upana wa karai, uupange mawe. Mvua ya huko haiji mara nyingi, lakini ikija huja na hasira. Maji yakizidi yapate pa kutokea.

Msalimie Baba Mdogo, jirani yetu hapo ukutani. Kwa damu si ndugu yetu, lakini tangu Baba afariki ndiye aliyenishika mkono. Mwambie sijaona bado mjenga kuta kama yeye, na huku wapo wenye mashine.

Kitindamimba wako

*

Tarehe 2 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba, baba. Goti lipo, halinisahau. Hayo mafua yatibu, usiyafanyie mzaha.

Kazi imekwisha. Baba yako Mdogo, huyu wanayemwita Mzee Timazi kwa sababu hatoki nyumbani bila timazi yake mfukoni, ile kamba yenye kizito ya kupimia ukuta kama umenyooka, alikuja akanisaidia kupanga mawe ya mlango wa maji, akakataa hata kikombe cha pili cha chai. Siku hizi ni yeye tu anayeniuliza asubuhi nimeamkaje. Nimepanda mchicha, bamia na nyanya ubavuni mwa ukuta wa stoo yake, kwenye kivuli. Wapita njia wananiuliza kama mvua nimeisikia redioni au nimeiota.

Ila hilo tundu lako silipendi. Umri wangu wote nimebeba maji kichwani, leo niyatengenezee njia ya kutorokea? Haya, nimelipanga, kwa kuwa umesema wewe.

Mama yako

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo mwili tu. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Mvua imekuja. Alasiri mawingu yalipotanda nilitoka uani, nikalitazama lile tundu, roho ikaniuma. Nikakokota gunia la mchanga nikaliziba. Nikajiambia, safari hii halitoki hata tone. Tangi likajaa kabla sijamaliza kuanua nguo, na bustani ikawa bwawa. Nilisimama mlangoni nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe ukuta wa Mzee Timazi nao ulikuwa unakunywa. Unaujua, ni matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Ukalowa chini, ukalegea, ukaangukia bustanini kwangu wote.

Hakuumia mtu, mwenyewe alikuwa kazini. Lakini sikia nilichofanya. Kabla majirani hawajatoka kuangalia, nilikimbia na goti langu bovu nikaling'oa lile gunia. Maji yakaenda zake barabarani. Alipofika hakukuta bwawa. Alikuta ukuta wake umelala juu ya mchicha wangu, akashika kichwa.

"Shemeji, nisamehe," akaniambia. "Nimekuharibia bustani."

Nami nikamjibu, "Si kitu, shemeji."

Kesho yake akaja kuyatoa matofali, moja moja, na mgongo wake ule unaomuuma. Nikamwacha. Nikamchemshia chai nikakaa kibarazani. Nina haya, mwanangu, hata ya kujitazama kwenye kioo. Niambie nifanye nini.

Mama yako

*

Tarehe 29 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kwa mshtuko. Mimi naendelea vizuri.

Nimeisoma na kuirudia barua yako. Nyamaza, Mama. Ukuta ule ni mzee kuliko mimi, ungeanguka tu. Ukisema utampoteza jirani unayemtegemea, na mimi niko huku. Siku goti likikataa, nani atakufikisha hospitali? Yeye mwenyewe hana kinyongo. Mpelekee mboga, mambo yatapoa yenyewe. Na hilo gunia usilitaje tena, hata kwangu.

Mwanao

*

Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa najaribu kukutii.

Mboga nilimpelekea. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniomba radhi upya. Huku nje wameshamfanya gumzo: fundi gani huyu ameshindwa na ukuta wake mwenyewe? Mwenye duka la vifaa alikuwa amempa kazi ya uzio, akamnyang'anya akampa mwingine. Watoto wakimwona wanajiangusha chini kama ukuta, wanakufa kwa kicheko. Akaacha kutembea na timazi. Siku moja nikamwona amechutama kwenye kifusi, anavunja tofali kwa vidole, analinusa, anatafuta alikosea wapi. Hapo nikashindwa.

Nilisema kwenye foleni ya maji, maana huko ndiko walikomcheka. Nilisema nililiziba tundu, nikasema na jinsi nilivyoling'oa gunia. Mama mmoja akacheka akidhani natania. Mzee Timazi alikuwa nyuma yangu. Aliziacha ndoo zake palepale, tupu, akaondoka.

Kazi yake amerudishiwa, na waliomcheka wanamwamkia kwa adabu. Ukuta anaujenga upya, sasa kwa mawe. Mimi hanisalimii. Asubuhi nasikia mlango wake ukifunguka, natega sikio, nasikia mwiko tu.

Wiki iliyopita nilimfuata hapo anapojenga, nikapiga magoti kuomba msamaha. Akaniinua mwenyewe.

"Ukuta ni udongo, shemeji," akasema. "Na fundi kuchekwa ni kawaida. Lakini mimi nilibeba yale matofali kutwa nzima, na wewe umekaa hapo unanitazama. Ulikuwa unawaza nini?"

Akachukua mwiko, akarudi kwenye kazi yake. Nilipogeuka kuondoka akaniita. Aliuliza kama wewe ulijua, na kama ulijua, ulisemaje.

Nimemwambia utamwandikia mwenyewe. Tangu hapo, kila mleta barua anapopita, yeye anatoka nje, anajifanya anatafuta jiwe.

Mama yako