Pete ya Pua

Harrowfield, Massachusetts
9 Juni 1788

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Boston, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho sasa kinakuacha ulale. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu, ingawa tangu Alhamisi hasemi nami, na sababu yake utaiona mbele. Mke wangu Tirzah naye anakuamkia. Bado anajifunza kuoka mkate wa mahindi kama wa Mama, nami bado najifunza kuula bila kukunja uso.

Unakumbuka mkutano wa mji wa mwezi wa tatu, waliponichagua kuwa mkamata nguruwe, wa kuwafungia wanaozurura kinyume cha sheria. Kila bwana harusi mpya hapa kwetu hupewa kazi hiyo ili achekwe, na zamu ilikuwa yangu. Zadok Purdy alipaza sauti kwamba aliyeweza kumnasa Tirzah hashindwi na nguruwe. Jumba zima likaangua kicheko, na wewe Baba ulikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikaapa huku masikio yakiniwaka moto. Lakini niliapa.

Basi Alhamisi asubuhi akaja mbio Bibi Mehitable Coggin, yule mjane anayekaa karibu na kinu, kofia mkononi. Maharage na viazi vyake, vilivyokuwa ndio kwanza vinachipua, vilikuwa vimefukuliwa vyote. Unajua hana kingine cha kumvusha majira ya baridi. Hakulia. Alisema tu kwamba mumewe alikwenda kufa vitani ili tusikanyagwe na wakubwa, na sasa yeye anakanyagwa na kwato. Nikafuata nyayo hadi nyuma ya kinu, nikamkuta nguruwe jike amelala, amevimbiwa, pua haina ile pete ambayo sheria ya mji inaitaka ili nguruwe asiweze kufukua.

Nilipoiona alama iliyokatwa sikioni, niliinama kuitazama tena. Ni wa kwetu, Baba. Ni yule jike wako wa mabaka.

Zadok alikuwa amekwisha fika na watu wengine. Mwaka jana nguruwe wake alikamatwa bila pete, akafungiwa katika zizi la mji, akauzwa, na watoto wa Zadok wakapitisha baridi bila nyama. Alipoomba ahurumiwe, wewe ndiye uliyesimama mkutanoni ukasema kwamba siku sheria itakapoanza kuuliza jina la mwenye nguruwe, tutakuwa tumejirudishia mfalme. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nikajivuna hadi vifungo vya koti vikataka kukatika. Sasa Zadok akanitazama, akaniuliza taratibu, "Haya, bwana mkamataji, na huyu ana jina?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikamfunga kamba, nikamswaga hadi zizini mbele ya macho ya mji mzima.

Jioni Mama alinishukia. Aliniita mtoto asiye na haya, akasema ningempitisha nguruwe njia ya nyuma, nimpe mjane kikapu cha viazi, yaishe. Nikamtuliza kwa kumwambia kwamba bila shaka pete ilikatika yenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Hapo akageukia moto. Nilimbana mpaka akasema. Asubuhi uliyosafiri, Baba, uliitoa pete kwa mkono wako, kwa kuwa nguruwe asiyefukua hanenepi. Alipokuuliza je, sheria, ulicheka, ukasema, "Nani atamgusa nguruwe wa mbunge? Na mkamataji mwenyewe si mtoto wangu?"

Sikuamini. Nilikwenda ghalani na taa nikitafuta ushahidi kwamba Mama amekosea, nikaikuta pete imetundikwa kwenye msumari wako wa hatamu. Nzima, haina hata mkwaruzo. Nilikaa chini kwenye nyasi kavu. Si kosa lenyewe lililoniumiza, Baba. Ni kwamba ulihesabu kuwa nitakufichia.

Wazee wa mji wanataka nieleze kwa kiapo jinsi pete ilivyotoka. Mama ananisihi kupitia Tirzah niseme ilikatika. Siwezi. Nimewaomba wangoje hadi Jumatatu ijayo, nao wamekubali kwa heshima yako. Nakuomba upande gari la farasi uje usimame pale pale uliposimama mwaka jana, useme mwenyewe kabla sijasema mimi. Nakupenda, na naiogopa Jumatatu hiyo kuliko kitu chochote. Lakini usipokuja, nitasema.

Mimi na Tirzah tumeanza kumpandia Bibi Mehitable maharage mengine. Mvua ikitusaidia yatawahi. Wasalimie wenzako wote wa bungeni, na ujifunge shingo vizuri njiani. Pete nimeiweka humu ndani ya barua.

Mimi mwanao,
Asahel,
mkamata nguruwe wa Harrowfield kwa kura za watu wote, ya kwako ikiwa ya kwanza.