Picha ya Ukoo Kwenye Daraja la Kale

Shoga, nimesimama kituo cha mafuta.

Si nilikwambia wikiendi hii nawapeleka mume wangu na wakwe kwenye ule mji wa kale wa mtoni? Masaa matano naendesha peke yangu!

Tumefika darajani, nikajipanga nao tupigwe picha. Mama mkwe akanikabidhi simu: "Tupige wewe. Hii ni ya damu tu."

Ya damu tu! Miaka tisa ya ndoa!

Na mume wangu? Akaweka kola sawa, akatabasamu.

Nikawapiga. Miguu tu, kichwa hata kimoja hakimo. Nikaingia kwenye gari, nikawaacha palepale.

Sasa hivi nimefungua buti, nikakuta dawa za presha za mama mkwe.

Nimelifunga tena. Si yuko na damu yake? Basi imtibu.