Fungua Tangi Kwanza

Mjukuu wangu Raufu,

Salamu zimefika. Hapa Moroni tu wazima, na dada yako kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza ununue chujio gani la maji kwa hiyo nyumba kuukuu uliyopanga Mutsamudu. Enzi mamluki wa kizungu walipoishika nchi yetu, nami nilipanga. Maji ya mvua tangini yalinuka. Nikayachuja kwa kanga, wanangu wakaharisha.

"Kanga yako nyepesi," akasema mwenye nyumba. "Ongeza ya pili."

Nikaongeza, mjinga mimi. Kisha mamluki mmoja akapanga ghorofani. Siku hiyohiyo tangi likafunguliwa, wakatolewa panya waliooza. Sisi miaka miwili tuliambiwa kifuniko kimeganda.

Usinunue chujio kabla hujaona tangi. Wakikuambia halifunguki, nijulishe. Nitapanda boti nije nilifungue mwenyewe.

Bibi yako